Funguo za Ghala la Msanzi

Jumapili, 1 Juni

Baridi. Nimevaa sweta mbili na bado vidole vinauma nikiandika. Anayesema nchi hii ni ya joto aje alale Msanzi mwezi wa sita.

Kesho naacha kazi. Nimeamua kuandika mpaka siku nitakayotoka, maana najijua. Nikikasirika nasema, nikishasema nasahau, halafu watu wananikumbusha maneno yangu kwa faida yao. Mimi ni Redempta, mtunza ghala la mazao la Mzee Valerian, mwaka wa tatu sasa. Yeye anakaa mjini Sumbawanga na huja huku na gari lake jeupe kuuliza kwa nini vibarua wanakula sana. Mimi nalala chumba kimoja ubavuni mwa ghala, na mkataba unasema chumba ni cha mfanyakazi peke yake. Kwa hiyo Debora wangu, mwenye miaka minane, anakaa kijijini Mwazye na mama yangu.

Mara ya mwisho nilipokwenda kumwona, Debora alikimbia ndani akanitolea kiti, akakifuta kwa khanga ya bibi yake, akasema karibu. Ndivyo wanavyofundishwa kumpokea mgeni. Nilikaa kwenye kile kiti, na hapohapo nikaamua.

Nimepata kazi ya stoo ya dawa katika hospitali moja mjini. Naanza tarehe moja Julai, na nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili nimeshaiona. Wanachotaka ni cheti cha utumishi kutoka kwa mwajiri ninayemwacha. Nisipokuwa nacho siku hiyo, nafasi anapewa mwingine, na Debora ataendelea kunitolea kiti.

Jumatatu, 2 Juni

Nimempa barua mkononi. Ameisoma akiwa amesimama, miwani puani.

"Mkataba umeusoma?"

"Nimeusoma, mzee. Notisi siku ishirini na nane. Ndivyo nilivyoandika."

"Au unilipe mshahara wa mwezi, uondoke leo." Akacheka, anajua sina. "Basi utazimaliza. Na usisahau makabidhiano. Cheti hutoki nacho mpaka umkabidhi ghala atakayekupokea, mzigo na kitabu viwe sawa, mtie saini nyote wawili. Gunia likipungua unabaki. Likizidi unabaki vilevile, maana gunia lililozidi ni la mtu."

"Sawa, mzee."

"Sawasawa. Wa kabla yako naye alianza hivihivi, kwa barua nzuri."

Modesti, kiongozi wa vibarua, alikuwa mlangoni. Alijifanya anatafuta kitu chini.

Jumanne, 3 Juni

Mizani yetu ni ile kubwa ya sakafuni, ya uso wa duara na mshale mwekundu. Jioni naiacha tupu na asubuhi naikuta kwenye sifuri. Leo nimeikuta kwenye kilo hamsini na nane. Juu yake hapakuwa na kitu, hata punje. Nimeipiga teke kidogo, nimefuta vumbi, mshale ukarudi. Mashine nazo zinazeeka.

Jumatano, 4 Juni

Hamsini na nane tena. Upepo.

Alhamisi, 5 Juni

Wakulima wengi. Nimegombana na mmoja kwa ajili ya lumbesa, gunia limejazwa mpaka limevaa kilemba, naye anaapa kwa watakatifu wote kwamba ni gunia la kawaida. Mshale asubuhi ni kama jana. Nimemwita Modesti autazame. Ameutazama, akavua kofia, akasema tumwite fundi. Mtu havui kofia kwa sababu ya fundi.

Jumamosi, 7 Juni

Leo nimeogopa, na niliogopa mchana kweupe.

Mboje alileta mahindi. Ni Msukuma, wazazi wake walihamia huku na ng'ombe akiwa bado anabebwa, na hakuna mtu mwenye maksai watulivu kama wake. Kila mwaka wanaingiza mkokoteni mpaka ndani ya ghala. Leo wamefika kwenye kizingiti wakasimama. Mboje akawasemesha, akawapapasa, akawavuta kwa kamba. Wapi. Wamesimama wanatazama ndani, pua zinatoa moshi, wala hawakuhangaika. Vibarua wakashusha mzigo nje.

Mboje akaingia peke yake, akatoka anajikuna shingo.

"Mama Debora, umeajiri mzee?"

"Mzee gani?"

"Huyo aliyekaa juu ya mizani. Nimemsalimia mara mbili, hakuniitikia. Kwetu mzee asipoitikia salamu, tunajua ana jambo moyoni. Umempa chakula?"

Ilikuwa saa sita, milango yote miwili wazi, jua limeingia hadi katikati ya sakafu. Niligeuka. Mizani ilikuwa tupu na mshale ulisimama kwenye hamsini na nane.

Mahindi yake niliyapima kwa kuitoa hiyo hamsini na nane kichwani, kila gunia. Sikumwambia Mboje kwa nini.

Jumapili, 8 Juni

Misa. Sikusikia hata neno moja la mahubiri.

Jumanne, 10 Juni

Gunia likijaa tunalishona mdomo kwa sindano ndefu na kamba ya katani, na kwenye pembe mbili tunaacha masikio ya kushikia. Mimi nashona hivyo, Modesti hivyo, Ufipa nzima hivyo. Leo, juu ya chaga za nyuma, mbao tunazopangia mzigo, nimekuta gunia lenye masikio matatu. La tatu liko katikati ya mdomo, limekazwa vizuri, mtu wa haraka hawezi kulishona. Nimebonyeza: si mahindi, ni ulezi. Mwaka huu hatujapokea ulezi hata kidogo.

Nimemwita Modesti. Safari hii sikumwacha aondoke.

"Sema, kaka. Nimechoka kuona watu wazima wanatafuta vitu chini."

Akakaa juu ya chaga. "Hiyo ni sindano ya Isdori."

Isdori ndiye aliyekuwa na kazi hii kabla yangu. Nilijua alifariki. Nilidhani alifia kwao Mwazye, kitandani, kama watu. Modesti amenieleza mambo ambayo miaka mitatu hakuna aliyeona haja ya kunieleza. Isdori alikuwa ameandika notisi. Kifua kilikuwa kinambana, akataka arudi kwake kulima ulezi wake taratibu. Zilipobaki siku chache akamwomba Mzee Valerian amwachie mapema, pumzi inakatika. Mzee akamwambia mkataba ni mkataba, maliza notisi. Siku iliyofuata, mchana, Isdori akakaa juu ya mizani apumzike kidogo. Vibarua walikuwa wanataniana naye, wanasoma uzito wake. Walipomaliza kucheka wakaona haamki.

"Alikuwa na kilo ngapi?" nikauliza.

"Si unazijua mwenyewe," akasema Modesti.

Wiki iliyofuata mimi niliajiriwa. Funguo nilipewa na Mzee Valerian hapo mlangoni, zimefungwa kwa kitambaa cha buluu. Sasa najua kitambaa kilitoka mfukoni mwa nani. Nilizifunga zile funguo kiunoni, nikatia saini mkataba wangu, nikaanza kazi. Mahali pa saini ya anayekabidhi palibaki peupe na mimi nikaona si kitu.

Jumatano, 11 Juni

Nimempigia Mzee Valerian. Nimeanza kwa upole, na kila anayenijua anajua inanigharimu.

"Mzee, nasikia marehemu Isdori hakumaliza siku zake."

"Marehemu hana mkataba, Redempta."

"Labda ukija ukasema tu hapa ghalani kwamba umemruhusu..."

"Nimruhusu nani? Umeanza kunywa? Zimebaki siku zako, zimalize. Na nisisikie vibarua wanaogopa kazi msimu wa mavuno."

Akakata. Nilitukana simu.

Ijumaa, 13 Juni

Upepo. Hamsini na nane. Nimezoea kusema shikamoo ninapofungua mlango. Haijibiwi.

Jumatatu, 16 Juni

Debora amenisomea kwa simu shairi la shule, lote, bila kukosea. Mwishoni akasema, "Ahsante kwa kunisikiliza, mama." Kama mwalimu mkuu. Nilicheka kisha nikalia kidogo, nikarudi kupima mahindi.

Alhamisi, 19 Juni

Atakayenipokea amefika. Anaitwa Edith, amemaliza stashahada ya ununuzi na ugavi, wa mjini kabisa, viatu vyeupe kwenye vumbi letu. Nilijiandaa kumchukia nikashindwa. Ana mdomo, ana vichekesho, na ndani ya saa moja vibarua wote wanamwita mshikaji.

"Dada, huku baridi inalipwa au tunapewa bure?"

Nimemweleza kila kitu isipokuwa kile kimoja. Nikimwambia atakimbia, na akikimbia mimi nakabidhi kwa nani? Najua si vizuri.

Ijumaa, 20 Juni

Tumehesabu mzigo na Edith. Kitabu na ghala vimepishana kwa gunia moja, limezidi. Lile la masikio matatu.

Jumamosi, 21 Juni

Jana jioni nilimwambia Modesti alitoe lile gunia alipeleke nyumbani kwake, tumalize habari. Alilibeba mwenyewe, nilimwona anavuka barabara. Asubuhi lilikuwa kwenye chaga za nyuma, mahali pake, baridi kama jiwe. Modesti amekuja anasema kule kwake halionekani.

Edith anasema tuliandike "ziada". Mzee Valerian kwa simu: "Ziada ya nani? Sitii saini ziada isiyo na mwenyewe. Redempta, utabaki mpaka mwenyewe ajulikane." Nimemkumbusha cheti, nimemkumbusha tarehe moja Julai. Akasema hospitali haihami.

Nina hasira hadi meno yanauma. Ila kuna kitu amesema bila kukusudia. Gunia lina mwenyewe na mwenyewe anajulikana.

Jumapili, 22 Juni

Nimekwenda Mwazye. Debora akaanza kukimbilia kiti, nikamkamata katikati ya uwanja, nikamwambia leo nakaa chini. Tumekaa kwenye majani, akanilalia mapajani. Alikuwa mzito kuliko nilivyokumbuka.

Jioni nikaenda kwa Kristiana, mjane wa Isdori. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa togwa, akangoja. Watu wa huku hawakuulizi umefuata nini. Nikamweleza vyote, mshale, maksai, gunia. Nilipofika kwenye masikio matatu akaweka kikombe chini.

"Sikio la katikati alianza kulishona baada ya kuumia bega," akasema. "Ili abebe kwa mkono mmoja. Huo ulezi ni wetu. Aliuweka ghalani wiki ile, akasema akimaliza notisi atarudi nao, tupike pombe ya harusi ya binti. Tulidhani umeibiwa."

"Mama, nifanye nini?"

Aliinuka akawafungia kuku bandani. Kisha akanieleza jambo ambalo mimi, Mfipa wa kuzaliwa, nilipaswa kulijua. Isdori alipofariki, ukoo ulikaa, ukamteua mdogo wake kurithi jina na jembe. Alichuchumaa mbele yao wote, akapiga makofi taratibu, akasema nimepokea. Tangu siku hiyo nyumba ya Isdori imetulia, hakuna hata ndoto.

"Jembe lilipata wa kulipokea," akasema. "Ya ghalani sisi hatukuigusa, tuliona ni mambo ya mwajiri. Wewe funguo zake ulizipokea kwa nani?"

"Kwa Mzee Valerian."

"Yeye ndiye aliyekuwa mtunza ghala?"

Nikazishika funguo kiunoni.

"Basi mume wangu bado yuko kazini," akasema Kristiana, na hapo ndipo alipolia.

Jumanne, 24 Juni

Kristiana amekuja kwa bodaboda, amejifunga khanga mbili kwa upepo. Niliwaomba vibarua watoke, Modesti akabaki. Edith nilimtuma madukani Matai kununua kamba.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Mshale kwenye hamsini na nane. Kristiana alisimama kando ya mizani akatazama mahali pasipo na kitu, kwa macho ya mke aliyemngoja mtu muda mrefu na sasa hajui aanze na lipi. Akanyoosha khanga, basi.

Nilifungua funguo kiunoni, nikaziweka kwenye bati la mizani, juu ya kitambaa chao cha buluu. Mshale haukucheza. Nikachuchumaa. Niseme ukweli, nilijisikia mjinga na nilijisikia kufa, yote pamoja. Nikapiga makofi taratibu kama tunavyowapigia wakubwa, nikasema, "Shikamoo, Mzee Isdori. Mzigo nimeuona. Kitabu nimekiona. Funguo nimezipokea. Pumzika."

Upepo uliokuwa unagongagonga bati la paa tangu mwezi uanze ulinyamaza. Halafu mshale ukaanza kushuka, polepole, kama mtu mwenye kifua anavyoinuka akishika magoti. Ukafika sifuri.

"Haya," Kristiana akasema kwa sauti ndogo, "tangulia, nakuja."

Modesti akambebea ulezi hadi barabarani, ameushika kwa lile sikio la katikati.

Jumatano, 25 Juni

Sifuri.

Alhamisi, 26 Juni

Sifuri. Maksai wa Mboje wameingia ndani wenyewe na mmoja amejisaidia mbele ya ofisi. Sijawahi kufurahia kinyesi kiasi hiki.

Jumamosi, 28 Juni

Tumekabidhiana. Hesabu imekwenda sawa, Mzee Valerian amekuja na mhuri wake, amepiga, amenipa cheti. Nimeomba siku iliyobaki, kesho Jumapili, anihesabie nimemaliza. Akasema nenda, bila kuniangalia. Mtu aliyemkatalia Isdori siku chache!

Nilimpa Edith funguo. Nikamwambia, kama utani, "Chuchumaa, piga makofi, useme umepokea."

"Dada Rede jamani! Si nimeshatia saini?" Akacheka, akanikumbatia, akazitupia funguo mkobani. Gari la mjini lilikuwa linapiga honi na kondakta anaita jina langu. Ningemshika mkono nimlazimishe. Nilikuwa nimeshaweka mguu mmoja ndani ya gari.

Jumanne, 1 Julai

Nimeanza kazi. Vyumba viwili, kitanda cha Debora kiko dirishani. Amekuja na begi la shule na kuku mmoja kutoka kwa bibi. Nimefurahi mpaka naogopa kuandika.

Ijumaa, 4 Julai

Debora amenuna. Anasema ananiita nikiwa nyumbani, siitiki. "Nimesimama mbele yako, mama. Nimekuita mara tatu." Sikumsikia hata mara moja. Uchovu, nimemwambia.

Jumamosi, 5 Julai

Miguu ni ya baridi hata juani. Najipigapiga mapaja.

Jumapili, 6 Julai

Baada ya misa Mboje amenipigia. Sauti yake ina kinyongo.

"Mama Debora, nilikukosea nini?"

"Hujanikosea, Mboje. Kwa nini?"

"Jana nimepita ghalani nikakuta umekaa juu ya mizani. Nimekusalimia mara mbili. Hukuniitikia."

Jana nilikuwa sokoni Sumbawanga na Debora, tunachagua sare.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba, sikukuu. Nimemwacha Debora kwa jirani nikapanda gari la kwanza. Njia nzima nilikuwa naombea nimkute Edith, nimchuchumaze kwa nguvu.

Ghala lilikuwa wazi. Ndani alikuwa Mzee Valerian, peke yake, ameketi kwenye kiti changu, hajanyoa.

"Edith yuko wapi?"

"Ameacha kazi. Mkataba ulikuwa haujafikisha hata mwezi, akatoa notisi ya siku saba. Hata hizo saba hakukaa. Funguo ameniachia dirishani ndani ya bahasha. Vibarua nao hawaji." Akaonyesha mizani kwa kidevu. "Na hiyo mashine yenu mbovu."

Mshale ulisimama kwenye sitini na mbili. Msimu mzima vibarua walikuwa wananipima kwa utani wanaposubiri mzigo, kwa hiyo uzito wangu naujua, na Msanzi nzima inaujua. Nikavua viatu nikapanda.

Mshale haukusogea. Nilirukaruka. Bati lilipiga kelele chini ya nyayo zangu na mshale ukabaki palepale, kwenye sitini na mbili, kama uzito wangu ulishahesabiwa. Nilianza kulia kwa hofu. Nilimwona Debora ananiita jikoni, na mimi siitiki, leo, kesho, mwaka mzima.

Mzee Valerian alisimama.

"Mzee," nikamwambia, "nipokee. Hakuna mwingine. Chuchumaa, piga makofi, useme umepokea."

"Mimi ni mwenye ghala!"

"Ndiyo maana. Nina mtoto, mzee. Isdori alikuomba ukamkatalia. Na mimi nakuomba."

Alitazama mlango, akatazama mshale. Kisha magoti yakalia, mtu mnene yule akachuchumaa kwenye vumbi na suruali yake ya mjini. Akapiga makofi. Akasema, "Redempta, nimepokea."

Nilipopiga hatua moja kushuka, mshale ulishuka nami. Sifuri. Joto likanirudia miguuni, na wakati huohuo nikasikia simu inaita mfukoni. Alikuwa Debora kwa simu ya jirani, anauliza nitarudi saa ngapi. Nikaitika mara tatu, nikitaka tu kujisikia nikiitika.

Mzee Valerian alikuwa bado chini. Nilimsaidia kusimama. Nikaondoka haraka na sikugeuka.

Jumatano, 16 Julai

Debora amesema, "Siku hizi unaitika hata kabla sijakuita."

Jumamosi, 26 Julai

Mboje amepiga simu asubuhi. Ghala halina mtu wa kuajiriwa, anasema, kila anayekuja anatazama mizani anaondoka. Ila mwenye ghala hana uvivu. "Yupo pale kila siku, amekaa juu ya mizani. Leo nimemsalimia mara mbili. Kimya. Nikajua ana jambo moyoni."

Nilikata simu, kwa sababu Mzee Valerian alikuwa amesimama mbele yangu, kwenye dirisha la dawa, hapa Sumbawanga. Amepungua. Mkono mmoja umeshika kifua, mwingine umeshika cheti cha daktari, na alikuwa anapumua kwa vipande vipande.

"Mama Debora," akasema. Hajawahi kuniita hivyo. "Mfanyakazi anatoa notisi. Mimi mwenye mali naitoa kwa nani? Nani atanipokea?"

Nilikuwa na maneno yangu tayari, ya miaka mitatu, yamepangwa kama magunia. Yalinitoka yote kichwani. Nilimwonea huruma mzee yule, na hilo limenishangaza kuliko mshale.

Nilizunguka nikatoka upande wake, nikamletea kiti, kama anavyopokewa mgeni.